Nilipoambiwa Nikamalize Milango Kwanza

Katika mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mlevi aliyeacha pombe hachelewi kupewa kipaza sauti. Akipitisha majuma machache bila kunywa, kikundi cha sala humwita kwenye mkesha, akina mama humpigia vigelegele, na yeye husimama mbele ya watu akieleza jinsi Bwana alivyomtoa shimoni. Sina neno baya dhidi ya ushuhuda, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitikiswa na maneno ya watu waliosimama kabla yangu. Ninachotaka kueleza hapa ni yale yanayoutangulia ushuhuda na yale yanayoufuata, ambayo husemwa kwa nadra kwa sababu yanachosha na hayana vigelegele: mwili unaodai pombe yake, madeni ya watu, nyumba ambayo bado haikuamini, na wito wa Mungu unaokuja katikati ya hayo yote bila kungoja yatengenezwe.

Mimi ni seremala, na atelie yangu, yaani karakana, iko Kadutu, si mbali na soko kubwa. Kazi yetu ina hatari moja ambayo mtu wa nje haioni kwa urahisi, nayo ni avansi. Mteja anayetaka mlango, kitanda au kabati hulipa nusu ya bei, wakati mwingine zaidi, ili fundi akanunue mbao, misumari, gundi na vanishi. Fedha hiyo huingia mfukoni asubuhi, na hakuna kinachomlazimisha fundi kununua mbao siku hiyo hiyo. Fundi mnywaji hujiambia kwamba atatumia kidogo tu, kisha avansi ya mteja wa pili itanunua mbao za mteja wa kwanza, na ya mteja wa tatu itanunua za wa pili, naye huendelea hivyo mpaka siku ambayo hakuna mteja mpya na wale wa zamani wote wamesimama mlangoni. Niliishi hivyo kwa miaka mingi, nikiwa na sifa ya kuwa fundi hodari na sifa nyingine ambayo watu waliitaja nikiwa nimeondoka.

Lazima niseme pia kwamba kwetu pombe si kitu kigeni wala haramu. Kasiksi, pombe ya ndizi, huletwa katika mahari, hupokea wageni na huwakalisha wafiwa pamoja, na mzee anayekunywa chake jioni kisha akalala hahesabiwi kuwa mlevi. Nilianzia hapo kama wengine. Baadaye nikaingia kwenye bia; bia ikawa ghali, nikaingia kwenye kanyanga, pombe kali ya kienyeji; na mwishoni nikafika kwenye vile vichupa vidogo vya plastiki vyenye pombe kali, vinavyouzwa kila kona na ambavyo mtu anaweza kuvificha katika mfuko wa koti la kazi. Habari ya miaka ile sitairefusha. Wanaoijua hawahitaji kuelezwa, na wasioijua huisikiliza kwa udadisi ambao hauwasaidii chochote.

Wito wangu haukuja kwa sauti kutoka mbinguni wala kwa ndoto. Kanisa Katoliki la Kongo hutegemea mashirika, zile jumuiya ndogo za majirani ambazo maaskofu wetu walizichagua kuwa njia ya uchungaji tangu mwaka 1961, na shirika la mtaa wetu liliongozwa wakati ule na mama mmoja mjane, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwanamke wa maneno machache. Jioni moja nilikuwa nimekaa nyuma kabisa katika sala ya shirika, mahali ambapo harufu yangu isingewafikia wengi, kwa sababu mke wangu alikuwa amenisihi nimsindikize. Sala ilipokwisha mama yule alinijia na kuniuliza, mbele ya wote, kama ninajua kusoma. Nilijibu kwamba ninajua. Akasema, “Basi juma lijalo wewe ndiwe utakayetusomea Neno.” Nilimwambia kwa sauti ya chini, “Mama, unajua vizuri kwamba mimi ni mlevi.” Akajibu, “Fundi, kuhusu pombe sikukuuliza. Nimekuuliza kama unajua kusoma.”

Nimelitafakari jibu hilo kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Mama yule hakunisamehe ulevi, wala hakuudharau, na baadaye alikuwa mkali kwangu kuliko mtu yeyote. Alichokataa ni kuufanya ulevi wangu kuwa jibu la kila swali. Mlevi huzoea kufanya hivyo: akiombwa kulea, ni mlevi, akiombwa kulipa, ni mlevi, akiombwa kusali, ni mlevi. Aibu yake humgeukia kuwa mahali pa kujificha, na watu wanaomzunguka humwachia hapo kwa sababu wamechoka. Swali dogo la kama ninajua kusoma lilinitoa katika maficho hayo kwa muda wa juma moja.

Somo lilikuwa sura ya tano ya Injili ya Marko, habari ya mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini, aliyekata minyororo na pingu, akipiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Nililisoma kwanza nyumbani ili nisijikwae mbele ya watu, na sikushangazwa na mapepo wala na nguruwe waliotumbukia baharini, kwa maana habari hiyo huhubiriwa mara nyingi. Nilishangazwa na mwisho wake. Mtu yule, akiwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, alimsihi Yesu amruhusu kufuatana naye katika mashua, naye akakataliwa. Aliambiwa aende nyumbani kwake, kwa watu wa kwao, akawaeleze mambo ambayo Bwana alimtendea. Nilisoma mstari huo mbele ya shirika bila kufahamu kwamba ungenihusu zaidi ya mwingine wowote.

Kwa wakati huo nilifahamu jambo lingine. Tangu ujana wangu niliamini kwamba Mungu huwaita watu waliokwisha kuoshwa, na kwamba mimi ningeitwa siku nitakapokuwa safi. Maandiko hayasemi hivyo. Petro alimwambia Bwana aondoke kwake kwa sababu yeye ni mtu mwenye dhambi, na hakuambiwa akajitengeneze kwanza. Musa alidai kwamba ulimi wake ni mzito. Na hapa kuna jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka, kwamba Maandiko hayasemi popote kuwa ulimi ule uliponywa siku ile kwenye kijiti kinachowaka. Mungu alimpa ndugu yake Haruni aseme kwa niaba yake. Musa aliitwa na udhaifu wake, akaenda na udhaifu wake, na msaada wake ulikuwa mtu mwingine aliyetembea kando yake.

Laiti ningelielewa hilo mapema, nisingelijibu kwa namna niliyojibu. Mlevi hapendi mambo ya polepole. Baada ya usomaji ule nilitaka kumjibu Mungu kwa jambo kubwa na la haraka, nikajiunga na kikundi cha sala kilichokuwa kikiandaa mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, nikaamua kuacha pombe siku ile ile ya kwanza. Hakuna mtu aliyenishauri vinginevyo; wote waliona ni imani. Ningependa kila kiongozi wa kikundi cha sala anayesoma maneno haya atulie hapa kidogo, kwa sababu nilichokifanya kingeweza kuniua, na kuna wengine kimewaua.

Ubongo wa mtu anayekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi huzoea kutulizwa nayo, hivyo hujiongezea msisimko ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikiondolewa ghafla, msisimko ule hubaki bila kizuizi. Katika saa chache za kwanza mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hupiga mbio na usingizi hutoweka. Kati ya siku ya kwanza na ya pili, baadhi ya watu hupatwa na degedege lile lile la kifafa ingawa hawakuwa na kifafa kamwe. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wengine huchanganyikiwa kabisa, huona watu na wadudu wasiokuwapo, hupata homa, na wasipotibiwa wanaweza kufa. Ukiongeza kufunga juu ya hayo, unaondoa maji na sukari katika mwili unaovihitaji kuliko siku zote. Tena walevi wengi hula vibaya, kwa hiyo huishiwa vitamini B1, iitwayo thiamini, na upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu ya mtu kwa maisha yake yote.

Siku ya pili ya mfungo niliona siafu wakitoka ukutani. Niliwaeleza wenzangu, wakaongeza sauti ya maombi. Usiku ule nilianguka na kutetemeka mwili mzima, na kwa kuwa povu lilinitoka mdomoni, waliona wazi kwamba ni pepo anayekataa kutoka, wakanishika mikono na miguu na kumkemea. Haya nimesimuliwa, maana mimi sikuyajua. Kwa rehema ya Mungu mmoja wao alikuwa muuguzi wa zahanati. Aliwaondoa watu, akanilaza kwa ubavu, akakataza mtu yeyote asinitie kitu mdomoni, kisha akasema maneno ambayo wenzake walimkasirikia sana: “Tutaombea njiani.” Kisha akaniinua, na kweli aliomba njia nzima, akiwa ameshika kichwa changu ndani ya teksi.

Alinipeleka SOSAME, kituo cha afya ya akili cha mji wetu, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, utawa ulioanzishwa na padri Petrus Jozef Triest mwaka 1807 mjini Gent, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Familia nyingi huona aibu kumpeleka mtu wao huko, na mama yangu mzazi aliuliza, akilia, ni lini nilikuwa mwendawazimu. Nilipewa diazepamu, kwa dozi iliyopunguzwa siku hadi siku, nilichomwa sindano za thiamini, nilinyweshwa maji na kulishwa. Hakuna aliyenikemea. Mtawa mmoja alikuja jioni na kuniuliza kama ningependa tusali, nami nikasema siwezi, akasema basi atasali yeye na mimi nisikilize.

Ndipo nilipokutana na sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho ndugu zetu Waprotestanti wengi hawanacho katika Biblia zao. Kitabu hicho kinaagiza kumheshimu mganga, yaani daktari, kwa sababu Bwana ndiye aliyemwumba, kinasema kwamba dawa Bwana amezitoa katika ardhi, na mtu mwenye akili hazidharau. Kisha, katika sura ile ile, kinamwagiza mgonjwa asali, atubu, halafu amwachie mganga nafasi. Kwa karne zaidi ya ishirini maneno hayo yamekuwapo, na sisi bado tunagombana kama mgonjwa aende kwa padri au kwa daktari. Wale ndugu wa mkesha sikuwachukia, na hata leo siwachukii. Walitoa walichokuwa nacho, nao walikaa macho usiku mzima kwa ajili yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwembamba mwenye akili timamu, na hapo ndipo vipaza sauti vilipoanza. Nilialikwa Bagira, nikaalikwa Panzi, nikaalikwa na kikundi kimoja cha Nguba chenye watu wa heshima na viti vya plastiki vyeupe. Simulizi langu lilikua kila mara niliposimama: siafu waliongezeka, usiku ule ukawa mrefu zaidi, na yule muuguzi alizidi kupungua mpaka karibu atoweke kabisa. Niligundua kwamba ninaisubiri siku ya kualikwa kwa namna niliyoijua vizuri, nikihesabu saa, na kwamba kesho yake nilikuwa mzito na mwenye hasira kwa watoto. Makofi yalikuwa yamekalia kiti kile kile cha pombe. Wakati huo huo nilikuwa nimeanza kusema kwamba Mungu ananiita kuhubiri, kwamba niache useremala, na nilikwenda kwa baba paroko kumweleza hivyo nikitegemea kwamba atafurahi.

Baba paroko alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza ni milango mingapi ya watu ambayo nimekula avansi yake na sijaitengeneza. Nilisema sijui. Akanipa karatasi na kalamu na kuniacha peke yangu ofisini. Aliporudi, ukurasa ulikuwa umejaa pande zote mbili: milango, madirisha, vitanda, benchi za shule moja ya msingi, na jeneza la mtoto ambalo hatimaye lilichongwa na fundi mwingine kwa haraka kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Aliisoma orodha yote bila kusema neno. Baadaye alifungua Injili ya Marko pale pale ambapo mimi nilikuwa nimesoma mbele ya shirika, akaweka kidole juu ya mstari wa 19, na kuniambia kwamba Mungu ameniita kweli, naye hana shaka, na kwamba kwa sasa wito wangu ni kumaliza milango hiyo. Kuhusu kuhubiri tungezungumza karatasi ile itakapokuwa imefutwa. Nilitoka nikiwa nimechukia sana, na njiani nilipita mbele ya nganda yangu ya zamani, kilabu nilikozoea kunywa, polepole kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa amenipa pia kijitabu kidogo juu ya Matt Talbot, mfanyakazi wa kawaida wa Dublin, nchini Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856 na kuanza kunywa akiwa bado mtoto. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka nadhiri ya kutokunywa, na kwanza aliiweka kwa miezi mitatu tu; baadaye akaiongeza kuwa miezi sita, na hatimaye maisha yote. Hakuwa padri wala mhubiri. Alibaki kibarua, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika ghala la mbao, jambo ambalo lilinigusa kwa sababu ninazozielewa mwenyewe. Alilipa madeni yake ya vilabuni kidogo kidogo, na alimtafuta kila mahali mpiga fidla mmoja ambaye yeye na wenzake walimwibia fidla yake ili wanywe. Alipokosa kumpata, alitoa fedha misa zisomwe kwa ajili ya mtu huyo. Alikufa mwaka 1925 akiwa njiani kwenda misa, akiwa hajulikani na mtu, na mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mheshimiwa, hatua mojawapo katika njia ya kutangazwa mtakatifu. Nilikisoma kijitabu hicho usiku, nikiwa na hasira, nikitafuta ukurasa atakapopanda mimbari. Hapandi.

Kazi ya milango ilichukua muda mrefu sana. Sikuwa na mtaji, kwa hiyo nililazimika kutengeneza kitu kimoja cha mteja anayelipa ili faida yake inunue mbao za mlango mmoja wa deni, na mke wangu ndiye aliyeshika fedha zote, kwa makubaliano niliyoyaomba mimi. Hadi leo avansi hazipiti mkononi mwangu. Mteja humkabidhi yeye, naye huandika. Watu walinipokea kwa namna tofauti. Wapo walionikumbatia. Yupo aliyeupokea mlango kwa macho makavu na kuufunga mbele ya uso wangu, na ninamwelewa. Mzee mmoja wa Cimpunda alikuwa amefariki, nikampelekea mjane wake, naye akaniambia kwamba marehemu alikufa akilala kwenye chumba kilichozibwa kwa bati kwa sababu ya mlango huo. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama bawaba ni za kudumu.

Sijui kama mtu anayeusikia wito huu kutoka mbali ataona ni wito. Hauna mavazi, hauna cheo. Lakini mlango mmoja ukipimwa, ukakatwa, ukapigwa randa na kubebwa mgongoni mpaka kwenye nyumba ya mtu uliyemdhulumu, hakuna sala niliyoijua kabla ya hapo iliyoniweka mbele ya Mungu kwa uwazi kiasi hicho. Mikono haikutetemeka tena. Nilianza kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa misa ya kwanza, halafu atelie, halafu nyumbani, na saa ngumu ya jioni, kati ya kufunga kazi na chakula cha usiku, niliipitisha kwa kusomesha watoto hesabu. Injili ya Luka inasema juu ya pepo aliyerudi na kukuta nyumba imefagiwa na kupambwa, naye akaleta wengine saba waovu kuliko yeye. Nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu ndiyo inayoingiliwa. Katika kipindi hicho niliteleza pia, baada ya matanga ya kaka yangu, na yule mama muuza sambaza alikuja kwangu asubuhi iliyofuata, akaona hali yangu, akasema jina langu liko kwenye zamu ya kusoma Jumatano na hatalibadilisha.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na desturi ya kunisalimu kwa kunikaribia usoni, na kwa muda mrefu nilidhani ni upendo. Alikuwa ananusa. Bado hunusa, ingawa sasa ni msichana mkubwa, na sijawahi kumkataza.

Watu wengine walianza kuja bila mimi kuwatafuta. Huja mke, au dada, mara chache sana mnywaji mwenyewe, na huja atelie wakijifanya kuuliza bei ya meza. Sihubiri. Kitu cha kwanza ninachouliza ni kama mtu wao hunywa asubuhi na kama mikono yake hutetemeka anapokosa, na jibu likiwa ndiyo, ninawaambia wasimfungie chumbani, wasimpeleke kwenye mfungo, wampeleke kwanza aonwe na daktari, na ninakwenda nao. Baada ya hapo tunaweza kusali kadiri wanavyotaka. Wapo waliopona. Wapo waliorudi kwenye kanyanga na tukawazika, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu wa useremala, kijana ambaye mkono wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Mara nyingine mtu huniuliza kwa nini siwalaani akina mama wanaouza pombe mtaani kwetu. Mmoja wao aliwasomesha watoto wake wote kwa kasiksi, na yeye mwenyewe haonji. Nilimtengenezea benchi za wateja wake siku zile nilizokuwa mteja, na alikuwa pia kwenye ile karatasi, kwa sababu benchi moja sikuimaliza. Baada ya kumpelekea, baba paroko aliponiuliza kama haikunisumbua dhamiri kupeleka benchi mahali pa kunywea, nilijibu kwamba alinituma kulipa madeni na hakunituma kuchagua wadai. Alicheka.

Februari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifungwa; tangu hapo wateja wamepungua na vijana wengi hukaa mchana kutwa bila kazi. Saa tupu zimeongezeka kwa kila mtu, na mimi nazijua saa tupu. Katika shirika tumeamua kubaki baada ya sala ya Jumatano, watu wachache wenye shida hii na wenzi wao, kwa muda wa saa moja, bila kipaza sauti. Kila mmoja husema alivyopitisha juma. Asiyetaka kusema husikiliza. Yule muuguzi wa zahanati huja anapokuwa hana zamu, na mara ya kwanza alipokuja nilisimulia mbele ya wote jinsi alivyonilaza kwa ubavu, bila kumpunguza hata kidogo.

Karatasi ya milango ilipofutwa yote, baba paroko hakusema kitu, nami sikumkumbusha, kwa sababu hamu ile ya mimbari ilikuwa imeniisha bila mimi kujua ni lini. Mwaka huu ndiye aliyekuja mwenyewe na kuniomba niingie katika mafunzo ya makatekista, kwa kuwa aliyekuwapo amehama na familia yake. Nilimwomba kwanza azungumze na mke wangu. Alikuja nyumbani, akala bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, pamoja nasi, akamwuliza. Mke wangu alifikiri kwa muda, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba jioni za Ijumaa, ambazo zamani zilikuwa mbaya kuliko zote, nisipangiwe kazi yoyote ya parokia na nibaki hapa. Baba paroko alisema mafunzo yenyewe hufanyika Ijumaa jioni. Mke wangu akajibu kwamba basi wayahamishe. Yalihamishiwa Jumamosi asubuhi.